Jozi ya Njiwa: Krismasi Bila Deni

Mahubiri ya Jumapili ya Pili ya Majilio

Masomo: Walawi 12:6-8; Luka 2:22-38; Luka 14:28-30; 2 Wafalme 4:1-7



Tunawasalimu nyote mlioko Ibra, Sur na Nizwa, pamoja nanyi wa Mudhaibi, Bidiya, Bahla na vijiji vya jirani. Tunajua wengi wenu mnausoma ujumbe huu usiku, vyombo vimeshaoshwa na watoto wa nyumba wamelala. Wengine ni wauguzi, mnausoma katikati ya zamu. Ndugu zetu wa Maskati wanaweza kuingia kanisani Ruwi au Ghala. Sisi wa huku ndani kanisa liko mbali, na wengi hatuna nafasi wala nauli ya kufika kila juma. Basi karatasi hii ya Jumapili ndiyo benchi tunalokalia pamoja.

Leo tunataka kuzungumza juu ya jambo ambalo huwa tunalinong'ona tu. Tangu Novemba simu zetu zimeanza kulia. Mama anauliza kama mwaka huu kutakuwa na mbuzi. Mdogo wetu anataka viatu, tena ametuma na picha yake. Shangazi anakumbusha kwamba nyumba haijapakwa rangi tangu msiba wa babu. Mjomba anasema wajukuu wote wanakuja, kwa hiyo mchele wa kilo 25 hautatosha. Hakuna mwenye nia mbaya kati yao. Wanatupenda, na wanaamini kwamba aliyeko Uarabuni anazo.

Nasi hatupendi kusema hatuna. Basi tunafanyaje? Tunaomba mshahara wa mwezi ujao mapema. Tunamwendea mwenzetu anayekopesha kwa riba. Tunachukua vitu dukani kwa daftari. Huko nyumbani nako, ndugu zetu wanachukua mikopo ya simu, au ile ambayo Tanzania watu wameipa jina la kausha damu, wakitegemea kwamba sisi tutailipa. Sikukuu inapita kwa siku moja. Deni linabaki nasi kuliko hata wageni.

Tumwombe Mungu atupe leo masikio ya kusikia na ujasiri wa kutenda.

Yusufu na Mariamu walienda na nini?

Kila Krismasi tunasoma habari za hori, wachungaji na malaika. Mara nyingi tunafunga kitabu kabla ya kufika kwenye mistari michache inayofuata. Luka anasimulia kwamba siku za utakaso zilipotimia, Yusufu na Mariamu walimpeleka mtoto Yerusalemu ili wamweke mbele za Bwana na watoe sadaka kama Sheria ilivyoagiza. Kisha anaitaja sadaka yenyewe: ndege wawili, hua au njiwa wachanga.

Ukisoma Luka peke yake unaweza kupita haraka. Rudi kwenye Walawi sura ya 12. Sheria ilimtaka mama aliyejifungua alete mwanakondoo wa mwaka mmoja, pamoja na njiwa mmoja au hua. Hiyo ndiyo ilikuwa sadaka ya kawaida. Lakini mstari wa 8 unafungua mlango mwingine: ikiwa mali ya mama huyo haifikii mwanakondoo, atoe ndege wawili, na hao watatosha.

Kwa hiyo Luka ametuambia jambo kubwa kwa maneno machache. Familia ya Bwana wetu haikuwa na bei ya mwanakondoo. Walikuwa na bei ya njiwa wawili, wakaleta njiwa wawili.

Hebu tujiweke mahali pa Yusufu. Alikuwa ugenini, na mkewe alikuwa ametoka kujifungua. Mtoto huyu si wa kawaida. Malaika wenyewe wamemtangaza. Kama kuna siku ambayo mwanamume angeweza kusema, "Leo siwezi kuonekana mnyonge, nitakopa," ilikuwa siku hiyo. Alikuwa fundi mwenye mikono ya kazi, na bila shaka angempata wa kumkopesha. Luka hatuambii alihisi nini alipoingia hekaluni huku wengine wakivuta wanakondoo wao. Anachotuambia ni alichobeba mkononi.

Tazameni tena Sheria ya Mungu. Inasema mwenye uwezo alete mwanakondoo, na asiye na uwezo alete njiwa. Haina hatua ya katikati inayosema kwamba asiye na uwezo akakope mwanakondoo. Mungu alijua kwamba maskini watamjia, akawaandalia sadaka yao mapema ili wasije na deni shingoni.

Na nini kilitokea walipofika? Mzee Simeoni alimpokea mtoto mikononi mwake akamsifu Mungu. Hakuuliza mwanakondoo yuko wapi. Nabii Ana naye akaja, akamshukuru Mungu, akawasimulia watu habari za mtoto. Wazee hawa wawili walikuwa wamengoja miaka mingi, na walichokuwa wakikingoja kililetwa na watu wenye njiwa wawili tu.

Hapo ndipo neno letu la leo lilipo: mpe Mungu, na uwape wako, kile ambacho kweli unacho. Mungu hakuoni aibu kwa njiwa zako.

Mtu atauliza: mbona mamajusi walileta dhahabu, uvumba na manemane? Ni kweli, nao walikuwa wanazo. Mwenye hazina aifungue na alete dhahabu kwa furaha. Mwenye njiwa alete njiwa kwa furaha ile ile. Mtume Paulo, akiwaandikia Wakorintho juu ya mchango (2 Wakorintho 8:12), anafundisha kwamba kutoa hupokelewa kwa kadiri ya alicho nacho mtu, wala si kwa kadiri ya kile asicho nacho.

Deni la siku moja linalipwa lini?

Bwana Yesu mwenyewe katika Luka 14 anamtaja mtu anayetaka kujenga mnara. Anasema mtu huyo huketi kwanza, akapiga hesabu aone kama ana vya kumalizia, asije akaweka msingi akashindwa, na watu wakamcheka. Basi tuketi kidogo sote tupige hesabu.

Tuseme dada anapokea riali 90 kwa mwezi. Mwezi wa Desemba amekopa riali 100 kwa mwenzake, kwa riba ya riali moja katika kila kumi kwa kila mwezi. Ameahidi kulipa riali 20 kila mwisho wa mwezi. Januari deni linakuwa 110, analipa 20, linabaki 90. Februari linakuwa 99, analipa 20, linabaki 79. Analipa hivyo hivyo Machi, Aprili, Mei, Juni na Julai. Mwisho wa Julai bado anadaiwa riali 5 na kidogo. Agosti ndipo anamaliza. Alikopa riali 100, amelipa zaidi ya riali 145.

Wapendwa, wali wa Krismasi uliliwa tarehe 25 Desemba, ukaisha kabla jua halijazama. Huyu dada ameulipia mpaka Agosti. Na hapo tumedhani hakuumwa, mshahara haukucheleweshwa, na nyumbani hakukutokea msiba. Tunajua jinsi mwaka ulivyo.

Tena Krismasi haiji peke yake. Nyuma yake kuna Januari, na Januari ndipo shule zinafunguliwa Kenya na Tanzania. Uganda nao hufuata muda mfupi baadaye. Ada, sare, daftari, michango, yote yanadaiwa kwa pamoja. Dada mmoja wa Sur ameturuhusu tusimulie yaliyompata bila kumtaja jina. Krismasi moja aliwatumia watoto wake nguo mpya kuanzia kichwani mpaka miguuni, na mama yake akachinja. Picha zilipokuja alilia kwa furaha. Wiki ya pili ya Januari ilikuja picha nyingine. Mwanawe wa kiume alikuwa ameketi kibarazani amevaa ile shati mpya ya Krismasi, saa nne asubuhi, siku ya shule. Alikuwa amerudishwa kwa sababu ya ada. Dada anasema, "Niliitazama ile shati, nikaona ndiyo ada yenyewe, nimemvalisha."

Hatumsimulii ili tumhukumu. Tunamsimulia kwa sababu wengi wetu tumewahi kumvalisha mtoto ada yake.

Wenyeji wetu wanaijua habari hii

Sisi tulioko Ibra tunaziona kila siku zile nyumba za kale za Al Minzfah, zenye milango mikubwa na kuta za ghorofa. Nyingi zilijengwa kwa mali ya biashara na Afrika Mashariki. Ndiyo sababu hapa Sharqiyah bado tunakutana na wazee wanaotuamkia kwa Kiswahili kizuri kuliko chetu, wakatuuliza habari za Zanzibar kama mtu anayeuliza habari za nyumbani.

Lakini historia hiyo hiyo ina ukurasa mwingine. Huko Unguja na Pemba, wenye mashamba ya karafuu wengi walikopa kwa kuyaweka mashamba rehani, wakitumaini mavuno yajayo. Karafuu haizai sawasawa kila mwaka: mwaka huu inajaa, mwaka ujao inakataa. Matumizi ya nyumba hayakatai mwaka hata mmoja. Riba ikaongezeka juu ya riba, mpaka mwaka 1934 serikali ya wakati ule ikatunga sheria za kuzuia mashamba yasiendelee kuhamia mikononi mwa wadai.

Ikiwa wenye mashamba walishindwa kuibeba riba, sisi wenye mshahara wa mwezi mmoja mmoja tutaibeba kwa bega gani? Anayekopa kwa kutegemea mshahara ambao bado hajaufanyia kazi anaweka rehani mavuno yaliyo bado maua.

Na wale walioko Nizwa wanaweza kutufundisha jambo jingine. Ijumaa asubuhi kwenye soko la mbuzi, wanyama wanazungushwa na wanunuzi wamesimama pande zote. Mzee anamshika mbuzi, anamfungua mdomo kuangalia meno, anauliza bei. Ikiwa bei imezidi alichokusudia, anamwachia aende. Hakuna anayemcheka. Anangoja anayefuata, au anarudi nyumbani bila mbuzi, na heshima yake anarudi nayo. Wengi wetu hatuna uwezo huo wa kumwachia mbuzi apite. Tunaona kwamba akipita huyu, na heshima yetu imepita.

Kwa nini tunakopa?

Tuseme ukweli mbele za Mungu. Si njaa inayotukopesha mwezi wa Desemba. Wengi tunakopa kwa sababu ya upweke.

Siku ya Krismasi hapa ni siku ya kazi kama siku nyingine. Mwajiri anaamka, anataka chai. Hakuna kengele, hakuna kwaya. Wakati huo huo nyumbani wamekaa mkekani, na kuna nafasi moja iliyo wazi. Tunajua ni yetu. Basi tunajaribu kuijaza nafasi ile kwa mbuzi, kwa soda, kwa sofa mpya, ili watu wakila waseme, "Fulani ametukumbuka." Tunataka tuwepo, na fedha ndiyo tunayodhani inaweza kusafiri bila kuomba likizo.

Mungu anaujua upweke huo. Mariamu na Yusufu nao walikuwa mbali na kwao mtoto alipozaliwa. Lakini watoto wetu hawatakumbuka bei ya soda. Watakumbuka sauti. Tumesikia ya baba mmoja, dereva huko Nizwa, anayerekodi Luka sura ya 2 kwa sauti yake kila mkesha wa Krismasi na kuituma kwa simu. Wanawe huisikiliza kabla ya kula. Mwaka mmoja alisahau, na mdogo kabisa akakataa kula mpaka baba asome. Kusoma kule hakumgharimu hata baisa 100. Hiyo ni njiwa, na ilitosha kumsimamisha mtoto kula.

Tufanye nini wiki hii?

Kwanza, tuandike. Usiku wa leo chukua daftari au simu, andika mshahara wako, kisha andika vitu vyote ulivyoombwa nyumbani. Juu kabisa, kabla ya mbuzi na nguo, andika mahitaji ya shule ya Januari. Kiasi hicho kitoe kwanza, na pale inapowezekana kitume moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Fedha ya ada ikipita mkononi mwa sikukuu haifiki shuleni. Kinachobaki ndicho cha Krismasi. Kikiwa kidogo, basi hicho ndicho njiwa zako.

Pili, tupige simu mapema. Kinachovunja moyo nyumbani ni kungoja mpaka tarehe 23 ndipo waambiwe hapana. Mama akijua leo, atapanga. Tumepata tabu kutafuta maneno, basi tumewaandikia mfano:

"Shikamoo mama. Nimekaa nimepiga hesabu. Mwaka huu nitatuma ya ada kwanza, halafu nitatuma ya chakula cha siku moja cha watoto na wewe. Mbuzi sitaweza, mnunue kuku wawili. Nguo mpya sitaweza pia, zifuliwe zile za Pasaka. Sitaki kukopa, maana nikikopa Desemba, Machi utanipigia unaumwa na sitakuwa na cha kukutumia. Naomba uniombee, na naomba uwaambie wengine kwa niaba yangu."

Tena tuwaeleze mambo ambayo hawayaoni. Riali moja ni kama dola 2.60 za Marekani, na kiwango hicho hakijabadilika tangu 1986. Nyumbani wakiizidisha kwa shilingi wanapata mamia au maelfu, wakadhani tunalala juu ya fedha. Hawaoni dawa, vocha ya simu, sabuni, gharama ya kutuma fedha na deni la safari ambalo wengine bado wanalilipa. Kuwaambia ukweli si kulalamika. Mwongo wa kwanza katika deni la Krismasi mara nyingi ni ile picha tuliyopiga karibu na gari la mwajiri.

Tatu, tuanze Januari. Ukiweka riali 5 kila mwezi kuanzia Januari hadi Novemba, utakuwa na riali 55, zaidi ya dola 140. Hiyo ni Krismasi nzima bila kumwinamia mtu. Wanaocheza mchezo, upatu au chama, ombeni zamu yenu iangukie Novemba. Lakini chezeni na watu mnaowajua, wachache, wenye kazi ya kudumu, na kila mchango uandikwe. Anayebadilisha kazi au kurudi nyumbani aseme mapema ili asiwaachie wenzake pengo.

Nne, kwa ndugu ambaye tayari amezama. Soma 2 Wafalme 4. Mjane wa mmoja wa wanafunzi wa manabii alidaiwa mpaka mdai akawa anakuja kuwachukua watoto wake wawili. Elisha alimuuliza ana nini ndani ya nyumba. Alikuwa na chupa ya mafuta tu. Mungu akayabariki yale mafuta kidogo, yakajaza vyombo. Na tazama utaratibu alioambiwa: auze mafuta, alipe deni, kisha aishi na watoto wake kwa kilichobaki. Deni lilitangulia. Ndugu, usikope hapa ili ulipe pale. Mwendee unayemdai au anayekudai, sema ukweli, pangeni kiasi kidogo kinacholipika, na Krismasi hii iwe ya kulipa. Njoo pia kwa wazee wa kanisa. Hatuna mafuta ya Elisha, ila tuna masikio, na tutaketi nawe tupige hesabu.

Tano, kwa wanaokopesha. Wako kati yetu, na wengine ni waimbaji wetu. Nehemia sura ya 5 inasimulia watu waliokuwa wameweka rehani mashamba na nyumba ili wapate nafaka, na waliokuwa wakiwatoza walikuwa ndugu zao. Nehemia alikasirika, akawakemea wakuu, akakiri kwamba yeye na watu wake pia wamekopesha, akasema riba hiyo iachwe. Dada, kaka, unayemtoza mwenzako wa chumba kimoja riali moja kwa kila kumi, ukijua kabisa analipa kutoka jikoni kwa watu, tunakuomba kwa jina la Yesu umsamehe riba. Chukua chako ulichotoa. Iwe zawadi yako ya Krismasi.

Na sisi kanisa tutubu

Ni rahisi kuwakemea wanaokopa. Lakini mwaka jana sisi viongozi tulichagua kitenge cha sare kwa Krismasi, tukataja na mshonaji, tukapanga mchango sawa kwa kila mtu, yule wa riali 80 na yule wa riali 400. Baada ya sikukuu tukaja kujua kwamba baadhi yenu mlikopa ili msionekane peke yenu katika picha. Mmoja wetu aliacha kabisa kuungana nasi mpaka Machi kwa sababu hakuwa ameshona. Tulimtaka mwanakondoo mtu ambaye Mungu mwenyewe alikuwa amemkubalia njiwa. Tunaomba radhi.

Basi mwaka huu hakuna sare. Kila mtu avae safi alicho nacho. Hakuna kiwango cha mchango, na majina ya waliochanga hayatasomwa. Chakula kitakuwa kile ambacho kila mmoja ataleta, na asiyeweza kuleta aje ale. Anayeshindwa kusafiri asihesabu kwamba amekosa: tutatuma neno na wimbo kwa sauti usiku ule ule.

Hatufundishi uchoyo. Neno la Mungu linatuagiza kuwatunza walio wetu (1 Timotheo 5:8), na ndiyo maana tulipanda ndege. Mgonjwa akilazwa, hatutamwambia angoje tupige hesabu ya mwaka. Kwa jambo la uhai tutachangishana. Ndiyo maana hatutaki nguvu zetu ziishie kwenye soda na rangi ya ukuta. Anayekataa kukopa mwezi wa Desemba anajiweka tayari kusaidia mwezi wa Machi.

Ya kutafakari wiki hii

Ni kitu gani katika orodha yako ya Krismasi unakinunua kwa sababu ya upendo, na kipi kwa sababu ya aibu?

Ni nani nyumbani anayehitaji kusikia ukweli kutoka kwako kabla ya Jumapili ijayo?

Njiwa zako mwaka huu ni zipi?

Tuombe

Ee Bwana Yesu, uliyebebwa hekaluni na wazazi wasio na bei ya mwanakondoo, tunakushukuru kwa kuwa hukuwaonea haya. Tuangalie watumishi wako tulioko Sharqiyah na Dakhiliyah, mbali na watoto wetu. Utuondolee hofu ya kuonekana maskini. Uwape mama zetu moyo wa kutuelewa, na watoto wetu furaha isiyotegemea viatu vipya. Waliozama katika deni uwashike mkono, na wanaodai uwape huruma. Ubariki waajiri wetu na nyumba tunazofanyia kazi. Utufikishe Januari tukiwa huru, na watoto wetu wakiwa darasani. Tunaomba kwa jina lako, Amina.

Neema ya Bwana wetu Yesu Kristo iwe nanyi nyote. Tukutane tena Jumapili ijayo Mungu akipenda, na yeyote atakayepiga ile simu kwa mama wiki hii, atutumie ujumbe tumwombee kabla hajapiga.